Bajeti ya tabianchi Tindiga ianzie kwenye njia ya baiskeli

Wiki hii tunaweka pembeni mbegu, mbolea na viwavijeshi, tuzungumze fedha za halmashauri. Najua wengine mtasema hayo ni mambo ya madiwani na wataalamu wa mipango. Lakini mpunga ukishavunwa, sehemu kubwa ya faida yako inaamuliwa na njia inayoutoa shambani, na njia haitengenezwi bila fedha. Kwa hiyo hili ni jambo la kilimo kama lilivyo palizi.

Nayaweka maoni yangu wazi mapema. Halmashauri ya Wilaya ya Kilosa inapotenga fedha za kukabiliana na mabadiliko ya tabianchi, kwa kata kama Tindiga shilingi za kwanza ziende kwenye njia za miguu na baiskeli: makalavati, vivuko, kuinua tuta la njia na kuchimba mitaro. Miche ya kupanda siku ya maadhimisho, semina na mabango vifuate nyuma. Na wa kulisema hilo ni wewe, kwenye mkutano mkuu wa kijiji, kabla bajeti haijafungwa.

Mto mmoja, neema na balaa

Tindiga iko bondeni. Mto Mkondoa unashuka kutoka milimani, unapita Kilosa mjini, halafu unafika kwenye tambarare yetu na kutawanyika. Ndiyo maana udongo wetu una rutuba na mpunga unakubali. Na ndiyo maana tunafurika.

Wenye umri wanakumbuka mwisho wa Desemba 2009 na Januari 2010. Mkondoa ulivunja kingo, maelfu ya watu wa Kilosa wakaishi kwenye mahema, na reli ya kati ikakatika. Januari 2014 ikawa zamu ya Magole na Dumila, hata daraja la barabara kuu ya Morogoro kwenda Dodoma likaharibika. Hayo ndiyo mafuriko yaliyoingia kwenye redio. Yasiyotangazwa ni yale madogo ya kila msimu: kalavati moja linazolewa, njia inageuka tope, na kwa wiki kadhaa watu wa upande wa pili wa korongo wanaishi kama kisiwani.

Kuna sababu ya kisayansi ya kujua kwamba kalavati lililotosha zamani huenda lisitoshe leo. Hewa ikiongezeka joto kwa nyuzi 1 ya Selsiasi, inaweza kubeba mvuke wa maji zaidi kwa karibu asilimia 7. Mvuke huo ukishuka, unashuka kwa kishindo. Kwa hiyo msimu unaweza kuwa na mvua ileile kwa jumla, lakini ikaja kwa siku chache na kwa nguvu. Bomba dogo la kalavati halisomi jumla ya msimu. Linapokea maji ya siku ile moja, na likishindwa, maji yanapita juu na kuondoka na njia.

Kwa nini baiskeli?

Kwa sababu ndilo lori letu. Angalia wakati wa mavuno nani anabeba nini. Gunia la mpunga kutoka shambani, debe za maji, mbolea kutoka dukani, mgonjwa anayepelekwa zahanati, mwanafunzi wa sekondari anayekaa mbali: vingi vinapita juu ya karia ya baiskeli. Pikipiki zimeongezeka, ni kweli, na Serikali iligawa pikipiki kwa maafisa ugani mwaka 2022. Lakini pikipiki inataka petroli kila siku, na baiskeli inataka pampu, viraka na mafuta ya mnyororo.

Tufanye hesabu ya mfano, nawe uweke namba zako. Chukua ekari moja iliyotoa gunia 15 za kilo 100, na shamba liko kilomita 4 kutoka nyumbani. Kwenda na kurudi ni kilomita 8.

- Kwa kichwa, kilo 25 kwa safari: safari 60, yaani kilomita 480.
- Kwa baiskeli, gunia moja kwa safari, njia ikiwa nzuri: safari 15, yaani kilomita 120.
- Kwa baiskeli, nusu gunia kwa safari kwa sababu njia ina tope na mashimo: safari 30, yaani kilomita 240.

Tazama mstari wa pili na wa tatu. Baiskeli ni ileile, mkulima ni yuleyule, mpunga ni uleule. Njia mbovu imekuongezea kilomita 120 za kusukuma, kwa ekari moja tu. Hizo ni siku za kazi, na siku hizo mpunga wako uko nje ukisubiri mvua, panya na ng'ombe waliopotea njia. Mwisho unachoka, unamuuzia mnunuzi aliyekuja na gari hadi kwenye tope, kwa bei anayoitaja yeye. Naye atakwambia bei iko chini "kwa sababu ya usumbufu wa njia". Hapo anasema kweli, lakini usumbufu umelipa wewe.

Kwa akina mama hesabu ni nzito zaidi. Nyumba nyingi baiskeli ni moja na inakaa na baba. Njia ikifungwa hata hiyo moja haipiti, na mzigo unarudi kichwani kwa mama.

Fedha ziko wapi?

Hapa ndipo watu wengi wanapotea, kwa hiyo twende polepole. Usimlaumu diwani kwa fungu ambalo haliko mkononi mwake, na usiache kumuuliza kuhusu fungu ambalo liko.

*TARURA.* Tangu Julai 2017 barabara za wilaya zimetoka halmashauri na kwenda Wakala wa Barabara za Vijijini na Mijini. Fedha zake nyingi zinatokana na tozo ya mafuta. Bajeti ya 2021/22 iliongeza shilingi 100 kwa kila lita ya petroli na dizeli kwa ajili ya barabara hizo. Maana yake kila anayepanda bodaboda anachangia.

*Mapato ya ndani ya halmashauri.* Kwa wilaya ya wakulima kama yetu, ushuru wa mazao ni chanzo muhimu. Mwaka 2017 ulishushwa kutoka asilimia 5 hadi 3 kwa mazao ya biashara na 2 kwa mazao ya chakula. Sehemu ya mapato ya ndani inatakiwa iende kwenye miradi ya maendeleo, isiishie kwenye posho na uendeshaji. Na asilimia 10 ni mikopo isiyo na riba: 4 kwa wanawake, 4 kwa vijana, 2 kwa watu wenye ulemavu. Mikopo hiyo ilisimamishwa mwaka 2023 na ikarejeshwa mwaka 2024.

*Mfuko wa Jimbo.* Upo kwa sheria ya mwaka 2009. Ni fungu dogo la kuchochea miradi ambayo wananchi wenyewe wameianza. Kivuko ambacho kijiji kimeshakusanyia mawe na mchanga kinaufaa kabisa.

*TASAF.* Kwenye ajira za muda walengwa hulipwa kwa kazi za jamii, na kutengeneza njia ni mojawapo.

Sasa angalia pengo. TARURA inahudumia barabara zilizomo kwenye orodha yake. Njia ya kwenda mashambani, ile mnayopita watu mia kwa siku msimu wa mavuno, mara nyingi haimo. Halmashauri itasema barabara ni za TARURA. Kijiji kitasema hakina fedha. Njia inabaki yatima, na yatima huyo ndiye anayebeba mpunga ambao halmashauri inautoza ushuru. Kukabiliana na tabianchi kwa Tindiga kunaanza kwa kumpa yatima huyo mzazi.

Wenzetu wamefanyaje?

Kaunti ya Makueni, Kenya, iko kwenye nchi kavu na shida yao kubwa ni ukame. Mwaka 2015 waliweka kanuni kwamba asilimia 1 ya bajeti ya maendeleo ya kaunti iende kwenye mfuko wa mabadiliko ya tabianchi, na kamati za kata, zenye wananchi ndani yake, ndizo zinazopendekeza miradi. Asilimia 1 ni ndogo, lakini ina jina lake kwenye bajeti, kwa hiyo ina mtu wa kuulizwa.

Hapa kwetu Monduli, Longido na Ngorongoro zilikuwa za kwanza kujaribu utaratibu wa fedha za tabianchi kupitia halmashauri, wananchi wakichagua wenyewe. Wafugaji walitaka maji na huduma za mifugo. Sisi wa bondeni shida yetu ni maji mengi, kwa hiyo tutachagua tofauti. Somo ni lilelile: mwenye shida ndiye achague.

Na kuhusu baiskeli hatuhitaji kwenda Ulaya ya Wazungu. Katika miaka ya 1990 mji wa Morogoro ulikuwa miongoni mwa miji michache ya Afrika Mashariki, pamoja na Dar es Salaam, Nairobi na Eldoret, iliyofanyiwa majaribio ya kuboresha usafiri wa miguu na baiskeli. Walianza na vitu vidogo kama vivuko vya waenda kwa miguu vilivyoinuliwa. Mkoa wetu una historia hiyo. Imesahaulika tu.

Tena Kilosa imeshaonyesha kwamba kijiji kinaweza kusimamia fedha za mazingira. Kuanzia 2012 vijiji kadhaa, kama Ulaya Mbuyuni na Ihombwe, viliingia kwenye mradi wa mkaa endelevu chini ya TFCG na MJUMITA. Msitu uligawanywa vitalu, ukavunwa kwa zamu, na kijiji kikapata ushuru wake kwa ajili ya huduma za jamii. Huwezi kuniambia kwamba wanakijiji wa Kilosa hawajui kupanga.

Hoja za upande wa pili

*"Baiskeli ni umaskini, sisi tunataka lami."* Nataka lami pia. Lakini lami haitafika kwenye kila jaruba, na hata ikifika kata, kilomita mbili tatu za mwisho zitabaki za baiskeli. Tena gharama hazifanani. Kwenye korongo dogo kivuko cha mawe cha kupitisha baiskeli na mkokoteni ni kazi ya mafundi wa kijiji na saruji kiasi. TARURA yenyewe imejenga madaraja ya mawe, hasa kuanzia mkoa wa Kigoma, kwa sababu ni nafuu kuliko ya zege na mawe yanapatikana jirani.

*"Madarasa na zahanati kwanza."* Hoja hii ni nzito na siipuuzi. Mtoto anahitaji dawati. Ila jiulize, darasa hilo linafikiwa vipi mwezi wa Aprili? Zahanati yenye dawa haimsaidii mjamzito aliyekwama ng'ambo ya korongo. Sisemi tuchukue fedha za darasa. Nasema kila mradi wa jengo uulizwe swali moja kabla ya kupitishwa: watu watafikaje wakati wa masika? Jibu likiwa "hawatafika", gharama ya kivuko iwe sehemu ya mradi.

*"Sisi hatuchafui hewa, kwa nini tulipie tabianchi?"* Ni kweli. Afrika nzima inachangia chini ya asilimia 4 ya hewa ukaa ya dunia, na Tindiga haionekani hata kwa hadubini. Ndiyo maana sikuombi upande baiskeli ili kuokoa dunia. Unaipanda tayari. Naomba njia yako ihimili mvua ambayo hukuisababisha. Waliochafua wana deni, na tudai. Wakati tunadai, mpunga uvuke korongo.

Cha kufanya, hatua kwa hatua

Mwaka wa fedha unaanza Julai 1 na kuisha Juni 30. Vipaumbele vya vijiji vinakusanywa kwa njia ya Fursa na Vikwazo kwa Maendeleo miezi kadhaa kabla. Kwa kawaida ukichelewa kupita Desemba umeshaachwa, maana Januari na Februari halmashauri inajadili rasimu ambayo imeshaandikwa.

1. Orodhesheni njia kwa kitongoji. Tembeeni na mwenyekiti wa kitongoji. Kila njia andika: inatoka wapi, inakwenda wapi, sehemu inayokatika, miezi inayofungwa, kaya zinazoitumia. Karatasi moja inatosha.

2. Hesabuni. Chagueni siku moja ya mavuno, kaeni njiani kuanzia alfajiri hadi jioni, mhesabu baiskeli, mikokoteni, pikipiki na watembea kwa miguu. Mwombeni mwalimu awape wanafunzi kazi hiyo. Diwani akisimama kwenye Baraza la Madiwani na namba mkononi, anasikilizwa zaidi ya anayesema "wananchi wanateseka".

3. Chagueni sehemu moja. Msipeleke maombi ya njia kumi. Pelekeni kivuko kimoja kinachofungia watu wengi zaidi. Usipoziba ufa utajenga ukuta, na ufa huo uzibwe mmoja mmoja.

4. Ipitisheni kwenye mkutano mkuu wa kijiji. Ni haki ya kila mkazi mwenye miaka 18 na zaidi kuhudhuria na kusema. Hakikisheni imeandikwa kwenye muhtasari, na Mtendaji wa Kijiji anaipeleka Kamati ya Maendeleo ya Kata. Kilichosemwa bila kuandikwa kimepotea.

5. Ulizeni TARURA kama njia yenu imo kwenye orodha. Kama haimo, ombeni kwa barua ya kijiji, nakala kwa diwani. Hatua hii haina gharama ila ya nauli.

6. Wekeni mchango wenu. Mawe, mchanga, kokoto na nguvu kazi. Pimeni thamani yake kwa shilingi na muiandike kwenye ombi.

7. Fuatilieni mapato na matumizi. Kijiji kinatakiwa kusoma taarifa ya fedha kwa wananchi kila robo mwaka. Ulizeni kwa adabu, kila robo, bila kuchoka.

Kwa vikundi vya vijana na wanawake: mkopo wa asilimia 10 hauishii kwenye kuku na bodaboda. Karakana ya baiskeli yenye spoki, tairi, tyubu na mashine ndogo ya kuchomelea matela ni biashara halali kwenye kata yenye baiskeli nyingi. Fanyeni kwanza hesabu ya wateja, ndipo mwandike andiko.

Njia nzuri inakuwaje?

Fedha zikipatikana, msikubali kazi ya kukwangua majani na kupiga picha. Njia ya bondeni inahitaji tuta lililoinuliwa juu ya usawa wa maji ya kawaida, lililoshindiliwa, lenye mgongo katikati ili maji yateremke pembeni. Upana wa mita 2 unaruhusu baiskeli mbili zenye mizigo zipishane. Mitaro iwe na mahali pa kumwaga maji, isiishie kwenye jaruba la jirani. Kingo zipandwe nyasi zenye mizizi mirefu kama vetiva. Kalavati liwe kubwa kuliko mnavyodhani linatosha.

Na hapa sisi wenyewe tuna sehemu yetu. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 inakataza shughuli za kibinadamu ndani ya mita 60 kutoka kingo za mto. Tunaolima hadi ukingoni ndio tunaoulegeza, halafu mto unakuja kututembelea nyumbani. Vilevile mapalio ya mifugo yatengwe na njia za watu kwenye mpango wa matumizi ya ardhi wa kijiji, maana kundi la ng'ombe likipita mara moja kwenye tuta bichi, kazi ya mwezi imekwisha. Hilo likae mezani kati ya wakulima na wafugaji kabla ya ujenzi, lisingoje ugomvi.

Kwa madiwani wetu na ofisi ya mipango, ombi ni fupi. Wekeni kwenye bajeti ya mapato ya ndani mstari wenye jina: njia na vivuko vya kuhimili mvua, kwa kata za bondeni. Hata uanze na asilimia 1. Mstari wenye jina unaweza kuongezwa mwakani, unaweza kukaguliwa, na mfadhili wa tabianchi akija anajua pa kuongezea fedha zake. Halmashauri isiyo na mstari huo itapewa semina.

Nawe mkulima, angalia tarehe ya mkutano mkuu wa kijiji chako, nenda na karatasi yako ya kitongoji, kaa mbele, na usiondoke hadi kivuko kiandikwe. Makala ijayo tutarudi kwenye maghala na namna ya kuukausha mpunga kabla ya kuuhifadhi. Uwe umeshavuka korongo.